Nyasi Juu ya Bati

Habari ya msiba ilinikuta stendi ya Kibondo, nimekalia begi langu nasubiri gari la Kasulu. Aliyepiga simu ni binti wa marehemu. "Mwalimu, baba ametutoka," alisema, "tunazika kesho." Kisha kilio kikamzidi, akakata. Msomaji wangu, niliyempoteza hakuwa ndugu yangu wala mtu wa kwetu. Alikuwa mkulima wa maharage upande wa Titye, mzaliwa wa Burundi aliyeingia nchi hii akiwa kijana, akaishi miaka mingi chini ya turubai la kambi, akaoa, akazaa, hatimaye akapata uraia. Nilimfahamu kwa kuwa niliwafundisha wanawe, na kwa ajili ya paa lake, lililokuwa kichekesho cha kijiji kizima.

Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma alizofyatua mwenyewe. Wanawe wakaiwekea bati, maana siku hizi, toka Kibondo hadi Kasulu, asiye na bati hata mbuzi wake hawamheshimu. Basi bati lilipokwisha kupigiliwa, mzee akapanda na mafungu ya nyasi, akaezeka juu yake mpaka likafichika lote. Jamani! Nimeona watu wakificha umaskini wao, lakini aliyeficha bati nilimwona yeye peke yake. Nikamtania, kwani mzee, bati nalo linasikia baridi mpaka ulivalishe sweta? Akacheka kwa adabu, akanikaribisha ndani. Mle ndani mlikuwa na ubaridi wa mtungini hata jua la saa saba likiwaka, na mvua ikinyesha ilisikika kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, pamoja na harufu ya nyasi zilizolowa. Yeye alipenda kukaa ameegemea ukuta, kiganja juu ya tofali lisilopigwa lipu, akilipapasa. Turubai hukunjwa, alisema, na mwenyewe ukakunjwa nalo. Tofali hulikunji ukaondoka nalo. Ukuta aliupenda kweli. Ugomvi wake ulikuwa na bati.

Sababu alinieleza siku moja tumezuiwa na mvua. Huko kwao, katika ujana wake, yeye na kaka zake walikimbilia kujificha ndani ya ghala la bati. Waliokuwa wakiwasaka hawakuhangaika na mlango. Walirusha mawe juu ya paa, mojamoja kwanza, kisha mfululizo, ili walio ndani watoke wenyewe. Yeye alipenya dirishani. Kaka zake walibaki. "Mvua ya nje ni mvua tu," aliniambia. "Ya chini ya bati ni watu." Mkewe alijua. Watoto hawakujua, naye alinikataza nisiwaambie. Waache, alisema, wao wanalala vizuri. Wazee wengi waliotoka kule wako hivyo. Wanawarithisha watoto shamba na sala, yale mengine wanakufa nayo.

Mwezi uliopita binti alichumbiwa na kijana wa Kibondo mwenye kazi ofisini, na wakwe wakatuma neno kwamba watakuja. Kaka wa binti akaona aibu. Wageni wa mjini waone nyasi, waseme mchumba katoka kibandani? Mzee alipokwenda shambani, vijana wakapanda, wakazishusha nyasi zote na kuzichoma. Walifanya kwa mapenzi, tena walitegemea kushukuriwa. Mzee aliporudi aliangalia juu. Mkewe alipotaka kugomba, alimshika mkono. Wageni walikuwa wanaingia kesho yake, na nyasi za kuezeka hazipatikani kwa siku moja.

Nilikuwa miongoni mwa wenyeji siku hiyo. Tumekaa mezani, mshenga ameanza maneno ya mahari, mvua ikashuka. Wanaoishi chini ya bati tupu wanaijua ile kelele: mshenga alikuwa anafungua mdomo, sauti haisikiki. Mzee akarudisha tonge kwenye sahani, akainuka, akatoka na koti lake la kanisani, akaenda kukaa migombani, ametugeuzia mgongo. Mwanawe alimfuata na mwavuli, akaukataa. Wakwe wakatazamana, wakaaga mapema, na posa ile haijarudi mpaka leo. Jioni mzee aliingia ndani anatetemeka, na kutoka hapo homa haikumwachia.

Nilikwenda kumjulia hali wodini. Mvua ikaanza, na wodi nayo ni ya bati. Mkewe akapanda kitandani, akamziba masikio kwa viganja vyake, akakaa hivyo mpaka ilipokatika. Mwanawe, aliyezichoma nyasi, alisimama miguuni pa kitanda. Akauliza kwa nini. Mama akamwambia, kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, na yule kijana akatoka nje.

Mwaka huu barabara zetu zimejaa tena watu wanaovuka mpaka, na turubai zimesimikwa upya. Watoto wanaolala chini yake nao watajenga siku moja, na sijui ni kitu gani kitakachowashtua: plastiki ikipigwa na upepo, au harufu ya moshi wa kuni mbichi. Sisi tunajengeana kwa macho ya mgeni. Tunauliza bati lina rangi gani na kama litaonekana kutoka barabarani, na anayelala chini yake hatumuulizi.

Baada ya kuzika, kijana aliniuliza nyasi nzuri zinakatwa wapi kiangazi. Anataka kuzirudisha zote. Mama yake alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta wa tofali, pale pale pa mumewe.

"Acha, mwanangu," akasema. "Mimi bati halinisumbui. Zile zilikuwa za baba yako."

Kijana akaendelea kusimama, ameangalia juu. Wewe mwenye mzee nyumbani, kabla hujamfanyia la kupendeza, muulize anasikia nini mvua inaponyesha. Tena muulize angali anaweza kujibu.