Saa Moja na Boga Zima

Corinne Haddix nilifanya naye kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, mimi kwenye mashine, yeye kwenye pasi. Vidonge vya maumivu ya mgongo, vile vinavyolevya, ndivyo vilivyomponza. Alipewa baada ya kuanguka kwenye ngazi, na vilipokatazwa akaendelea kuvitafuta vichochoroni, hadi siku bintiye Maisie, mwenye miaka saba, alipomkuta jikoni hatikisiki, akatoka pekupeku kwenda kuita majirani. Mtoto akachukuliwa na watu wa ustawi wa jamii, akapelekwa kwa mama mlezi ng'ambo ya mto. Corinne akaacha. Kufikia Oktoba alikuwa na miezi mitano hajagusa hata kimoja. Najua, kwa sababu alitapikia na kutetemekea kwenye sofa langu.

Kila Alhamisi aliruhusiwa kumwona mtoto kwa saa moja, kwenye ofisi ya ustawi, mbele ya msimamizi. Mwaka huo Halowini, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kutisha na maboga huchongwa macho na mdomo, iliangukia Alhamisi. Alimwahidi Maisie kwamba watachonga boga pamoja kuanzia kifuniko, kama zamani barazani kwao, kwa hiyo hakutaka hata kulitoboa kabla. Nilimpeleka kwa gari langu. Lile boga alilipakata njia nzima.

Mlangoni mlinzi akachukua kisu chake cha kuchongea. Corinne akamwonyesha na kile kisumeno cha watoto kinachouzwa dukani pamoja na maboga, nacho kikachukuliwa. Msimamizi, binti mpole aitwaye Pruitt, akasema wangeweza kulichora kwa kalamu ya wino, likapendeza vilevile.

Nilikaa kwenye korido, mlango ukiwa wazi. Maisie aliingia amevaa mabawa ya popo yaliyoshonwa kwa mwavuli uliochakaa. Akalizunguka boga, akauliza kisu kiko wapi.

"Leo tunatumia kijiko," Corinne akasema.

"Kijiko hakichongi, mama."

"Ngoja uone."

Kilikuwa kijiko cha plastiki kutoka kwenye meza ya kahawa. Kikavunjika. Cha pili kikavunjika. Akajaribu kucha, akajaribu kishikizo cha mkanda wake, na ganda likabaki na mikwaruzo tu. Maisie alikuwa ameacha kutazama boga. Alikuwa anatazama saa ya ukutani, na Corinne akaliona hilo. Akaja mlangoni kwangu. Uso ulikuwa umemlowa jasho kama siku zile za sofani.

"Dada, nipe ufunguo wa gari."

"Corinne, usiharibu mambo."

"Kila kitu nilichomwahidi huyu mtoto nimekivunja. Hiki sikivunji. Nipe."

Nikampa. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Alilikandamiza boga kifuani, akachimba kwa ufunguo, akisokota na kusukuma. Nyama ya njano ikaanza kutoka. Pruitt alisimama, akakaa, akasimama tena. Maisie akasogea, akashika boga upande wa pili lisiteleze, akawa anamwelekeza: juu kidogo, hapo, hapo. Jicho moja likatoboka. Mtoto akaingiza kidole, akakitoa na uzi wa utumbo wa boga ukining'inia, akacheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka mle ndani.

Jicho la pili walikuwa wamelifikisha nusu Pruitt aliposema muda umekwisha. Corinne hakusikia, au hakutaka kusikia. Aliendelea kuchimba. Pruitt akamgusa bega. Corinne akageuka kwa ghafla, ufunguo mkononi, ukielekea mbele. Hakumgusa. Lakini mama mlezi alikuwa ameshafika mlangoni, na alimvuta Maisie nyuma yake.

"Nipeni dakika tano," Corinne akasema. "Tano tu, tafadhali, lipate mdomo."

Maisie aliondoka na boga lake lenye jicho moja na nusu, amelikumbatia, halafu mama mlezi akampokea kwa sababu lilikuwa zito.

Mwezi wa Novemba taarifa ya siku ile ilisomwa mbele ya hakimu. Ilisema mzazi alishika kitu chenye ncha na kukataa kutii. Ilisema pia, kwa haki, kwamba mtoto alifurahi. Pruitt aliyaandika yote mawili. Hakimu alisimamisha kuonana kwao kwa siku tisini.

Tulipotoka nje Corinne alikaa kwenye ngazi za mahakama, asinyanyuke. Aliniambia kwamba zamani siku kama hiyo angejua pa kwenda. Nikakaa naye. Baridi ilituingia mifupani sote wawili, na kazini tulichelewa, lakini kule vichochoroni hakwenda.