Rota ya Gari Jekundu

Ni ule mwaka tulikula ugali wa mahindi ya njano, ugali wa kukwaruza koo. Tajiri mmoja wa Tororo alimletea baba, fundi hapa Busia, gari lake jekundu la mbio, viti vya ngozi laini kama shavu la mtoto. Kila baba alipotoka, alichomoa rota, kidude kinachogawa moto wa injini, akanifungia kwenye pindo la gauni. Bila rota gari haliwaki.

Siku moja alivuka mpaka kwenda Tororo kutafuta vipuri. Akaja mwanamume wa viatu vya kung'aa.

"Binti, mimi ndugu ya mwenye gari. Lete rota."

Ndugu gani anahangaika na mlango, hajui hata unafunguliwaje?

"Sitoi mpaka baba arudi."

Akacheka. "Baba yako? Huyo harudi."

Amejuaje? Nikapiga mayowe, wamama wakaja na michi, akatoroka. Baba nikamngoja usiku ule, na mwaka ule wote.

Leo mjukuu wangu, naye fundi, amefungua sanduku langu, harufu ya grisi ikajaa chumbani.

"Kukhu, nipe hii rota. Kuna mtu anaitafuta."

"Mtu gani? Viatu vyake vikoje?"

"Kukhu, jamani!"

"Sitoi mpaka baba arudi."