Udongo wa Kilima cha Bwana Kosta

Harufu ya ubani ndiyo iliyotuponza. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Woolwich, London, miaka kadhaa baada ya kukimbia Mapinduzi, katika nyumba ya Mgiriki mzee aliyeitwa Bwana Kosta. Kila Ijumaa Mama alifukiza kwa chetezo cha udongo alichopewa na bibi yangu kule Wete, kitu pekee cha kwetu kilichofika Ulaya kizima. Bwana Kosta naye alikuwa na kilima chake. Kila akiingia jikoni alinisimulia: kilima kidogo kisiwani kwao, juu yake kanisa jeupe la kutosha watu kumi, ubavuni mizeituni na mbuzi, chini kisima na njia ya punda hadi pwani. Nilikijua kuliko Pemba, niliyoiacha nikiwa mchanga. Juu ya kabati aliweka mkebe wa udongo wa kilima hicho, akisema siku akifa amwagiwe kaburini, alale kwao.

Ijumaa moja alishuka ngazi amefura, akasema nyumba yake inanuka ushenzi, akakitwaa chetezo na makaa yake akakipasua uani. Mama alipiga magoti akaokota vigae. Nilimwuliza mbona hasemi kitu.

"Mwache, mwanangu. Nyumba yake. Wataka tukalale wapi?"

Mimi sikumwacha. Nilikuwa na miaka tisa na kinyongo cha mtu mzima. Kesho yake, alipokwenda sokoni, nilipanda kiti, nikaumwaga ule udongo chooni na kuvuta maji mara mbili. Mkebe nikaujaza udongo wa uani, nikauchanganya na vipande vya chetezo ambavyo Mama hakuviona. Bwana Kosta alipokufa, binti yake aliumwaga juu ya jeneza. Mama alimlilia marehemu. Mimi niliuma mdomo nisicheke.

Mwaka jana nilikwenda kukiona kilima chenyewe. Ni kidogo kuliko alivyosema, kanisa lina kufuli, na palipokuwa na kisima pana hoteli. Ningeweza kuchota konzi moja ya udongo nikampelekee Bwana Kosta kaburini. Mama, aliyezikwa London bila hata chembe ya Pemba, angenisihi nichote. Nilikaa juu ya jiwe, nikavua viatu, nikavikung'uta kimoja kimoja hadi nikaridhika kwamba simchukulii kitu, ndipo nikapanda basi.