Siku Tembo Alifukua Bwana Yangu

Mu kijiji yetu, upande ya Beni, pale mashamba inamalizika na parc ya banyama inaanza, batu balikuwa banaogopa mudomo yangu. Miye masomo hapana, hata siku moja. Mais sauti ya mutu, nikiisikia mara moja tu, naibeba. Pastere anahubiri siku ya mungu: "Wapendwa katika Bwana, tu-si-ta-ma-ni kikapu cha jirani!" Kesho yake, ku mutoni, napanda juu ya jiwe, nahubiri na pua kama yeye, bamama benye kufua banakosa kuanguka mu maji. Basoda bakipita, nangoja baende, kiisha nasimama nyuma ya nyumba, na Lingala yabo: "Mama mobange, pesa etabe!" Ni kusema, mama muzee, leta ndizi. Mama mukwe wangu anakimbia kuficha bitoke yake. Siku moja juu ya ile mambo alinipiga na mwiko ya bugali, na bugali ingali juu.

Lakini sauti yenye nilikuwa najua kupita zote ni ya bwana yangu. Alikuwa mutu ya polepole, ya tumbo, neno moja analivuta kama mutu anavuta mbuzi. "Eeeh, mama ya batoto, hii maharage imeiva, ao ingali inasali?"

Alikuwa anasukuma kinga yake, baiskeli ya muzigo, na mabidon ya mafuta ya ngazi, mawese, kutoka Beni mupaka Butembo, juu ya milima yote ile. Wakati ya bita, kila mwezi basoda bengine, kila mwezi barrière ingine ya kufunga njia, yeye anasukuma tu. Siku moja alitoka asubuhi. Upande ya Kalunguta njia ilikatwa, risasi ikalia. Benzake ba kusukuma balirudi mikono mitupu. "Kinga tuliiona mu mufereji, mafuta imemwangika. Yeye mwenyewe, hapana." Na mwili, hapana.

Tangu ile siku sauti zote zilinitoka. Bamama ku mutoni: "Ebu, tufanyie pastere!" Nafungua mudomo, inatoka hewa tu.

Sasa musikilize ile ilikuwa nguvu kupita. Mama mukwe alikataa matanga. "Matanga ya nani? Mutoto yangu iko muzima. Balimuchukua juu abebe mizigo yabo. Atarudi." Kila siku ya soko anasimama ku barabara, anauliza bashoferi: "Hamukupitana na mutu ya tumbo, anasukuma kinga?" Na miye, nikifinya uso tu, ananirukia: "Unalia? Unataka kumuua?" Donc sikukuwa mujane, sikukuwa muke ya mutu. Batoto nilibapeleka kwa mama yangu, Butembo. Machozi ilibakia hapa mu koo kama bugali ya moto, haiteremuke, haitoke.

Mwenye tulikuwa tunaelewana naye alikuwa tembo moja, jike. Jino moja tu, na sikio na tundu ya risasi. Bo pia bita ilibafuata: batu ya bunduki balikuwa banaingia mu parc kubaua juu ya meno. Chini, karibu na mutoni, kulikuwa mifupa ya mwenzake, na tulikuwa tunamuona anakwenda pale, anaigusa na mukono ile yake ya pua, mufupa moja, mufupa ya pili, bila haraka. Kiisha anakuja kwangu kula mihindi. Zamani ningemupigia sufuria, ningemutukana na mababu yake. Sasa sauti nitaitoa wapi? Nakaa ku mupaka ya shamba, yeye anakula, tunaangaliana. Siku zingine nilikuwa naona kama ni yeye peke anajua niko na nini, na haniulize.

Maharage ilivunwa mara ine, ni miaka mbili. Ndugu ya baba mukwe akatoka Butembo, na koti yake ya kikubwa, akakohoa kwanza, mutu ya mambo: "Mwili ikikosekana, kwetu tunazika mugomba. Imekwisha." Mama mukwe akasema: "Mutazika ndizi yenu. Mutoto yangu haiko ndizi." Mais alikuwa amechoka, akaacha.

Balikata mugomba urefu ya bwana yangu, balivalisha koti yake, balizika nyuma ya nyumba. Pastere alisimama mbali, ku lupango yenye kuzunguka nyumba: "Sisi hatuombei ndizi!" Kiisha akaomba, jicho moja wazi. Batu bote banangoja nilie. Naangalia ile mugomba, nawaza: hata tumbo haina. Sikulia. Mama mukwe pia hakulia.

Siku ya tatu, asubuhi sana, ukungu ingali chini, nasikia nyuma ya nyumba: krach, krach. Nabeba sufuria na mufuniko, natoka. Jino-moja iko pale. Amefukua kaburi, anakula bwana yangu.

Nilinyanyua mufuniko. Sikupiga. Alimaliza mugomba yote, muzuri, bila kuchafua. Kiisha akanyanyua koti. Alinusa mukono ya kuume, alinusa ya kushoto, akaingiza pua mu mufuko, akabakia pale, kama mutu anatafuta mutu. Alichelewa. Kiisha akaiweka chini, polepole, na muguu akasukuma udongo kidogo juu yake. Akasimama. Vile vile alikuwa anasimama ku mifupa ya mwenzake.

Alors kicheko ikatoka mu tumbo, sijue hata niseme ilitoka wapi. Nafungua mudomo, na sauti ikakuja, ile ya kuvuta:

"Eeeh, mama ya batoto! Unaangalia tu, na miye banakula bila chumvi?"

Mu nyumba, kitanda ikalia. Mulango ikapigwa ukuta. Mama mukwe akatoka kichwa wazi, kilamba ya kiuno inaanguka.

"Umerudi! Nilibaambia! Ee Nyamuhanga, Mungu wetu, nilibaambia bote!"

Aliona miye na sufuria. Aliona shimo. Tembo, mama hata hakumuona kwanza.

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Ni miye, mama."

Alinyanyua mukono kunipiga, na nilijua hii mara haiko kama ile ya mwiko. Mukono ikabakia juu. Kiisha ikashuka yenyewe.

"Sema tena."

"Mama, unisamehe, sikutaka..."

"Nimesema, sema tena."

"Niseme nini?"

Akafikiri. "Ile asubuhi nilikuwa nimetangulia ku shamba. Alienda bila kuniaga. Aniage."

Niliangalia tembo, sababu kumuangalia mama sikuweza. Nikavuta maneno:

"Mama, ninakwenda."

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Njia iko mubaya, mutoto yangu."

"Najua, mama. Ninakwenda vile vile."

Kiisha akasema, muzuri, kama vile mutu anaaga mutu ku mulango: "Basi, kwenda. Kwenda muzuri."

Akakaa mu udongo ya shimo, pale pale, akalia. Na miye bugali ya moto ikatoka mu koo, nikamushika, tukalia kama batoto benye kupigwa. Tembo alitupigia masikio mara mbili. Akaondoka, na mu njia akachukua kichala moja ya bitoke, mutu ya safari.

Bajirani bakafika na masufuria na mapanga. Bakatukuta bamama babili mu shimo, udongo mupaka kichwa, bakafikiri tumekanyagwa. Pastere akapiga magoti: "Nani amekufa? Nani amekufa?"

Mama mukwe akapangusa uso na kilamba.

"Mutoto yangu," akasema. "Mukae chini. Bamama, muwashe moto, matanga imeanza."