Herufi Saba kwenye Ubao Mmoja

Ipo siku moja ambayo naikumbuka kila nikimsikia mtu anasoma bango kwa sauti barabarani. Si siku ya kujivunia, mwanangu. Kaa nikusimulie, maana hapa Mwankoko siku hizi sina watu wengi wa kuwasimulia. Watoto wangu wako mbali, mama yao alishatangulia, na majirani wapya wananijua tu kama yule mzee mwenye makopo ya rangi iliyokauka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo duka lilikuwa duka tu. Kama kuna sukari ulijua kwa kuona foleni, wala hukuhitaji ubao. Biashara ilipofunguliwa, maduka yakaota Singida mjini kama uyoga, na kila mwenye duka akataka jina lake lionekane. Mimi nilikuwa kijana kutoka Mtinko, najifunza kuandika mabango kwa Mzee Idi, fundi ambaye babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani akasahau kurudi. Tulifanya kazi kwenye kibaraza chake, jirani na mafundi cherehani wawili waliopenda sana umbea.

Mzee Idi alikuwa na desturi yake. Ubao ukikauka, anauegemeza ukutani, anavuka barabara, kisha anamsimamisha mpita njia wa kwanza na kumwomba ausome. Akisoma bila kusita, ubao unakwenda kwa mwenyewe. Akisita, unarudi kwenye msasa. Hakujali kama aliyesita ni mwalimu au mchunga ng'ombe. Mimi nilikuwa naiona desturi hiyo kuwa ya kizee, lakini kusema sikuthubutu.

Basi dereva mmoja wa lori akaniletea kijitabu cha mitindo ya herufi kutoka Dar es Salaam. Wewe leo una fonti kibao kwenye simu yako, kwa hiyo kiu yangu huwezi kuielewa. Humo mlikuwa na herufi nene, nyembamba, za kulala, zenye kivuli, zenye visigino miguuni, na nyingine zimeshikana kama mwandiko wa mkono. Nilizipenda zote. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, ila mimi wahenga nilikuwa nimewaacha Mtinko.

Mzee Idi, ambaye macho yake yalianza kuingia ukungu, akanipa ubao wa kwanza niuandike peke yangu. Ulikuwa wa duka la mafuta ya alizeti, asali na sabuni. Niliandika kila neno kwa mtindo wake. "Karibu" ilijipinda kama mzabibu, "Duka" ikawa na kivuli, "Alizeti" nikainenepesha na kuitia maua ndani. Mitindo saba, mwanangu, kwenye ubao mmoja. Nikausimamisha na kuvuka barabara, mwenye duka akiwa pembeni yangu, na mpita njia wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi.

Mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la kisomo kijijini. Tangu hapo, kila alipokuja mjini kuuza kuku alisoma mbao zote kwa sauti, kuanzia stendi mpaka sokoni. "Ki-nyo-zi. Kinyozi!" Kisha anacheka peke yake kwa furaha, na watu wanamgeukia. Mimi ujana ulinifanya nione haya kutembea naye.

"Mama, tusomee pale," nikamwambia.

Akatua tenga lake la kuku. Akakaza macho. "Ka..." Akanyamaza. Akajaribu neno la pili, halafu la tatu. Mwenye duka akakohoa, na mafundi cherehani wakasimamisha mashine zao. Nikaona aibu, na kwa kuogopa aibu isiniangukie mimi, nikamtupia yeye.

"Mama, kumbe kisomo ulikuwa unakwenda kupiga soga? Labda tuwaulize hao kuku, pengine wao wanajua kusoma."

Watu wakacheka. Mama alijifunga kanga upya, akajitwika tenga lake, akaenda zake. Naliona tenga lile mpaka leo, na kuku wakichungulia nje.

Mzee Idi alikuwa amesikia yote kutoka kibarazani. Akavuka barabara taratibu na kusimama pale aliposimama mama.

"Mama yako ameusoma vizuri," akasema. "Amekwambia hausomeki. Anayeshindwa ni ubao, kijana, msomaji hana kosa. Fahali wawili hawakai zizi moja, wewe umefungia saba! Chagua herufi moja ya kuita watu, na moja ya kuwaeleza. Ile ya kuita ipige kelele, ile ya kueleza iseme kwa utulivu. Na zitofautiane waziwazi. Zikikaribia kufanana, mtu atadhani mkono wako ulitetemeka. Haya, shika msasa. Ukimaliza, umtafute mama yako."

Nilisugua siku nzima. Jina la duka nikaliandika kwa herufi nene zenye visigino. Bidhaa nikaziandika kwa herufi za wima zisizo na pambo, zile za kitabu cha kisomo. Ubao ukapendeza kuliko ule wa kwanza, na mpita njia aliusoma huku anatembea. Jumapili nikapanda baiskeli hadi Mtinko.

"Mama, ubao nimeuandika upya. Njoo unisomee."

Alikuwa anapepeta uwele, na hakuinua uso. Akanijibu kwa Kinyaturu, kwa upole kabisa, kwamba macho yake yamechoka. Mama hakuwa na ugonjwa wowote wa macho. Nilikaa, nikala, nikaondoka. Neno samahani halikunitoka, mwanangu. Nilidhani ubao utalisema kwa niaba yangu.

Siku ya mnada iliyofuata, alipokuja tena mjini kuuza kuku, nikamwona kwa mbali, amesimama mbele ya ubao ule. Midomo yake ilikuwa inacheza, neno kwa neno, mpaka mwisho. Sauti haikutoka. Aliponiona akaufunga mdomo, akanisalimia vizuri na kupita. Toka siku hiyo alipita kati ya mbao zote za mji huu kimya. Mzee Idi alifariki akaniachia brashi zake, nikawa fundi mwenye jina, na hakuna aliyenisomea tena kwa namna ile.

Alipofariki mama, msalaba wake niliuandika mimi. Jina kwa herufi nene, chini yake "Pumzika" kwa herufi za kitabu cha kisomo. Waombolezaji walipoondoka nikarudi nyuma hatua kama upana wa barabara, nikasubiri mpita njia. Makaburini hapiti mtu. Basi nikausoma mwenyewe kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyokuwa anasoma yeye. Nililia sana.

Sasa wewe umenionyesha bango lako la harusi lenye fonti sita. Sikucheki, mwanangu, nakuonea huruma. Mbili zinatosha, zenye tabia tofauti lakini zinazoheshimiana, na moja ikubali kuwa ya pili. Ukimaliza, toka nje umpe asiyekujua alisome, naye akikwama usimsahihishe yeye, sahihisha kazi yako. Na kama ulimi wako umeteleza, omba radhi siku hiyohiyo, kwa mdomo. Ubao hauombi radhi.

Nenda salama. Mungu akupe jicho la kuchagua na mkono wa kuacha. Akupe na mtu wa kukusomea kwa sauti maisha yako yote, na siku utakapomuumiza, akuwahishe kwake kabla hajajitwika tenga lake.