Naliaka na Kina Mama wa Betania

Mimi na Naliaka tulikuwa na saluni Kabiria, Nairobi, kibanda cha mabati chenye kioo kimoja kirefu na viti viwili. Naliaka alikuwa na mkono mwepesi. Watu wazima walisinzia akiwasuka, na watoto waliolia kwangu walinyamaza wakihamishiwa kwake. Alitoka Bungoma akiwa msichana, akafanya kazi za nyumba mtaa wa Jamhuri, akajifunza ususi kwa kutazama, na kufikia miaka thelathini na kitu alikuwa na wateja wanaomfuata kutoka Dagoretti. Hakuwa ameolewa. Wanaume walikuja, akawasikiliza vizuri, akawarudisha vizuri.

Jumatatu moja, siku ambayo saluni huwa kimya, aliingia sista mwenye gauni la kijivu na kitambaa cheupe kichwani. Alisema anaitwa Sista Peres. Yeye na wenzake walikuwa wanatunza kina mama wazee katika nyumba ya Betania, mwisho wa barabara yetu, na alitafuta mtu wa kuja kuwaosha vichwa kabla ya Pasaka. Mimi nilisema nitaangalia. Naliaka alichukua beseni na shampuu, akaondoka naye saa hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata alirudi huko bila kuitwa. Na nyingine tena. Halafu asubuhi moja, tukifagia, akasema, "Jacklyne, nataka kuingia."

"Kuingia wapi?"

"Kwa masista."

Nikaweka ufagio chini. "Si wewe ni Anglikana? Sasa unageuka Katoliki?"

"Na hao pia ni Anglikana."

"Wacha! Anglikana haina masista."

"Basi nimekuwa nikisaidia kina nani huko juu?"

Sikuwa peke yangu kushangaa. Mama yake alipoelezwa kwa simu, aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kisha akasema, "Kwa hivyo hutaki kunizalia hata mmoja," akakata. Jioni kaka yake, Tobias, alituma ujumbe kwamba mama hataki kupigiwa mpaka Naliaka aache huo mchezo. Naliaka alilia, akanawa uso, akamaliza kumsuka mteja aliyekuwa kitini. Mwezi uliofuata aliingia Betania.

Mama Mkuu wa masista, Sista Debra, alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alimpa Naliaka jiko na kufua. "Kazi ya nywele umeiacha nje ya geti," alimwambia. "Hapa utajifunza kunyamaza, na kupika uji wa watu wengi."

Siku yao ilikatwa vipande na kengele. Sala ya alfajiri, kazi. Sala ya adhuhuri, kazi. Sala ya jioni. Katikati waliogesha wazee, wakawageuza wale wasioweza kujigeuza, wakalima sukuma, wakashona kanzu za makasisi za kuuza. Naliaka aliniambia kilichomshinda mwanzoni kilikuwa ule ukimya. Saluni tulizoea kuongea kutwa nzima. Huko ilibidi amenye viazi bila kusema kitu, na mawazo ya mama yake yakampata hapo hapo kwenye viazi.

Mwaka wake wa pili akiwa mnovisi, yaani sista ambaye hajaweka nadhiri, aliletwa Bi Mabruka. Alikuwa bibi wa Kiislamu kutoka Lamu, aliyeishi mjini na mpwa wake Abdulrauf, karani wa duka la vitambaa. Bibi alikuwa amevunjika nyonga, na Abdulrauf alikosa mtu wa kukaa naye mchana. Kabla hajamwacha, aliuliza kwa aibu kama shangazi yake ataruhusiwa kusali.

"Sisi tunasali kutwa," Sista Debra alimjibu. "Atakuwa na wenzake."

Tatizo lilikuwa kichwa. Pale Betania kina mama wote sasa walikuwa wananyolewa kwa mashine, kwa ajili ya usafi, na kwa sababu mikono ya kuwahudumia ilikuwa michache. Bi Mabruka alipoiona ile mashine alijifunga mtandio, akaushika kwa mikono miwili, akakataa. Akakataa na chakula. Naliaka ndiye aliyempelekea sahani, ikarudi kama ilivyokwenda.

"Bi, kula kidogo tu."

"Mwanangu, nywele hizi mama yangu alizisuka, na marehemu mume wangu alizipenda. Mkizikata nitabaki na nini changu humu?"

Naliaka alikwenda kwa Mama Mkuu, akasimama mlangoni. "Naomba ruhusa nimsuke."

"Uliacha ususi."

"Niliacha, Mama. Lakini yeye hali."

Sista Debra alifikiri. "Msuke. Yeye peke yake."

Walifunga mlango na pazia, mwanamume yeyote asipite. Naliaka aliziosha, akazitia mafuta ya nazi aliyoleta Abdulrauf, akazichana polepole kuanzia kwenye ncha, akasuka mistari mipana ya kwenda nyuma. Bi Mabruka alijipapasa kichwa kwa vidole, akaomba uji.

Kwenye kitanda cha pili alilala Mama Nzomo, Mkamba mcheshi ambaye kichwa chake kilikuwa kimeng'ara. Alijipapasa na yeye. "Na zangu zitaota lini?"

Basi ikawa hivyo. Mashine ilipokuja tena, Mama Nzomo aliikimbia kwa kiti chake cha magurudumu. Wengine wakamwiga. Nywele zikaota, nyeupe na laini, na kila mmoja alimtaka Naliaka. Alianza kuchelewa sala ya jioni. Akawa anaingia kanisani katikati ya zaburi, mikono inanuka mafuta. Halafu siku moja hakuingia kabisa, na uji wa jioni ukaungua jikoni. Masista walipokaa kuamua kama aweke nadhiri, wengi walisema asubiri mwaka mwingine.

Alikuja saluni siku aliyotumwa sokoni. Aliketi kwenye benchi na kikapu chake miguuni, akanieleza yote. Nikawaka.

"Rudi nyumbani! Watu umewasaidia hivyo, halafu wanakufanyia hivi? Kiti chako kiko."

"Hawajanionea, Jacky. Zile sala nilizikosa mimi. Nilipenda wakiita jina langu. Naliaka, Naliaka, kila kitanda. Nikaona hakuna mwingine anayeweza."

"Si ni kweli hakuna?"

"Sikuwahi kumfundisha mtu."

Aliinua kikapu, akarudi. Nilibaki na hasira peke yangu.

Alimwambia Mama Mkuu maneno yale yale, bila kujitetea. Sista Debra hakumsifu wala hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Mimi ninaweza kujifunza?"

Alhamisi iliyofuata niliitwa nikasaidie. Nilikwenda na msichana wangu wa saluni, Veronicah, nikiwa bado nimenuna. Nikamkuta Mama Mkuu mwenyewe amekaa nyuma ya Mama Nzomo na kitana mkononi, vidole vimekaza kwa baridi yabisi, mstari unakwenda kombo kama barabara ya Kawangware.

"Mwalimu," Mama Nzomo alilalamika, "huyu mwanafunzi wako ananivuta!"

Sista Debra alicheka mpaka kitana kikaanguka. Sikujua anaweza. Tangu siku hiyo Alhamisi baada ya chakula cha mchana ikawa ya nywele: masista, mimi na Veronicah, na mwanamke yeyote wa mtaa aliyependa. Kengele ya sala ya jioni ikilia, kila mtu anaacha pale alipofika, hata kama nusu ya nywele bado zimesimama.

Mwaka ulipoisha, walimkubali bila hata mmoja kupinga. Siku ya nadhiri askofu alikuja, kanisa dogo likajaa. Bi Mabruka alikaa barazani na Abdulrauf, mlango ukiwa wazi ili asikie. Na dakika za mwisho, tukiwa tumeshasimama kwa wimbo, aliingia Tobias akimshika mama yake mkono. Naliaka hakuwaona mpaka alipogeuka na pete kidoleni.

Baada ya ibada mama yake alimkagua kuanzia kitambaa mpaka viatu. "Umenenepa," akasema. "Nilidhani wanakufungia." Ndipo akamkumbatia, wakakaa hivyo muda mrefu watu wakiwapita na sahani.

Mama yake alikuja kwa siku mbili, akakaa wiki tatu. Alipika kunde kwa maziwa jinsi wanavyopika kwao, akabishana na Mama Nzomo kuhusu chumvi, akajifunza majina ya kila kitanda. Siku moja tulikuwa tunachambua mboga naye, Mama Mkuu akapita.

"Mama Mkuu, nyinyi huchukua wajane?" mama yake Naliaka, naye mjane, alimwuliza.

"Tunachukua. Lakini Sista Naliaka atakuwa amekutangulia. Itabidi umtii."

Mama aligeuka, akamtazama binti yake akimvusha mzee uani kwa mkongojo.

"Huyo?" alisema. "Basi niacheni niende kwanza nyumbani nikafikirie."