Vikombe Vitatu vya Jumamosi

Madereva wa malori pale Nyakanazi walituita kampuni ya farasi. Farasi tulimjua kwenye picha tu. Tulikuwa na punda sita na mikokoteni mitatu, tukibeba mahindi na maharage kutoka mashambani Runazi hadi barabarani, ambako malori yalipakia mzigo wa kupeleka kwenye masoko ya kambini. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, na kila mwenye chombo chenye magurudumu alikuwa na kazi. Mume wangu alikuwa amerudi Shinyanga kutafuta punda wengine, akaniachia mtoto wa kunyonya, punda wale sita na wanaume watatu. Punda niliwaelewa.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, Msukuma kama sisi, mdomo haufungi. Wa pili alikuwa Mhangaza wa Ngara, mtu mzima, Mkatoliki mwenye rozari mfukoni. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kwanza, ndipo nikampangia kazi, na sote wawili tuliona aibu. Wa tatu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, wa rika langu, mpole, aliyekuwa ametoka kambini kutafuta kibarua na kuapa kwamba hatarudi. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kumfunga nira yule punda jike wa kijivu aliyempiga mateke kila mtu. Na jike huyo asipotangulia, wenzake hawaendi.

Nilitaka watu wangu wawe kitu kimoja. Kazi walifanya vizuri, ila kila mmoja alikaa upande wake na kusema na punda kwa lugha ya kwao. Basi nikaamua kwamba kila Jumamosi alasiri, kazi ikiisha, nitawapa pombe ya ndizi. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya kilokole, pombe sikuwahi hata kuionja. Niliinunua kwa jirani, nikaimimina huko jikoni ili watu wa kanisani wasinione na kibuyu, nikaileta kwenye sinia, kila mtu na kikombe chake cha plastiki, maana siku zile kila mahali tulihubiriwa habari za magonjwa ya kuhara. Nilijiona mstaarabu kweli. Nikawaachia, nikaingia ndani kunyonyesha.

Nilipotoka, shemeji alikuwa amemaliza chake. Vya wale wawili vilikuwa vimejaa vilevile. Nikadhani pombe ni chachu, na Jumamosi iliyofuata nikatia asali. Mhangaza aligusisha midomo tu. Mkimbizi alikwenda kumwaga yake kwenye shina la mgomba akidhani simwoni. Nilikasirika, lakini nikajikaza, nikaongeza asali.

Baada ya hapo mambo yakaharibika, wala sikujua yameharibikia wapi. Mhangaza akaanza kuja na maji yake kwenye chupa. Mkimbizi akaacha ugali wangu. Mchana alitafuna muhogo mbichi aliomenya mwenyewe. Wote wawili wakaacha kumsemesha shemeji, naye akawa ananiuliza amewakosea nini. Ningejuaje? Nilijiuliza kama ni kwa sababu mimi ni mwanamke, au kwa sababu sisi ni wahamiaji. Nilimgombeza shemeji bure. Niliomba, nikafunga, kisha nikanunua vikombe vikubwa zaidi.

Ikapita miezi miwili. Ijumaa moja, mahindi ya watu yamerundikwa nje kule Runazi na mawingu yanajikusanya, mkimbizi akaniambia kwamba Jumapili anarudi kambini. Bila yeye jike hafungiki, na mahindi yale yangeoza mikononi mwangu. Nilimuuliza kuna nini. Akatazama chini, akasema hakuna kitu, mama.

Nikamfuata Mhangaza, aliyekuwa akipaka mafuta ekseli ya mkokoteni. Alipaka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama," akasema, "kwetu pombe ni kibuyu kimoja na mrija mmoja. Mwenye nyumba anaonja kwanza, watu wote wanamwona. Wewe unamimina jikoni, unaleta kila mtu ya kwake, na mwenyewe hunywi. Halafu ukaanza kutia asali."

Nikauliza asali ina ubaya gani.

"Inaficha ladha."

Hata hapo sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nikakaa juu ya mkokoteni. Nilicheka, kisha nikalia. Kumbe walidhani nawatilia sumu, na walipoona shemeji anakunywa bila wasiwasi, wakajua naye yumo.

Jumamosi nilinunua kibuyu, nikakibeba mwenyewe barabarani mchana kweupe, nikampita mama mmoja wa kwaya, naye hakuitikia salamu yangu. Nikakaa uani katikati yao, nikavuta mrija. Ilikuwa chungu, ikanichoma hadi puani. Mkimbizi alinikazia macho kooni mpaka nikameza. Nikampa Mhangaza, akanywa, akampa shemeji. Kikafika kwa mkimbizi. Alikishika muda mrefu. Kisha akanywa.

Kambini hakurudi. Jumatatu asubuhi nilimkuta akimfunga jike nira, nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza, ikiwa kweli aliamini nataka kumuua, kwa nini alikuja kazini kila siku kwa miezi miwili.

Alikaza kamba kwanza.

"Kule kambini sikujua nimwogope nani, mama. Hapa nilijua ni kikombe."

Akamgusa jike begani, jike akatangulia, na wengine wakafuata. Mimi nikabaki nimesimama pale uani na mtoto mgongoni, sijui kama nilipaswa kumshukuru au kumwomba radhi.